Atomu pweke za kobalti: shajara ya mradi wa kutenganisha maji, wiki ya 1 hadi ya 9

Lengo ni kathodi isiyo na platini inayotoa haidrojeni kwenye KOH (potasiamu hidroksidi, alikali) ya moli 1 kwa lita, kisha kuona kama unga huohuo unaweza kuhimili upande wa anodi, unaotoa oksijeni. Kiti, yaani mahali mmenyuko unapofanyika, kilichochaguliwa ni Co–N4: atomu moja ya kobalti iliyoshikwa na naitrojeni nne ndani ya tabaka la kaboni.

Vigezo vimeandikwa kabla ya kazi ili visije vikasogezwa baadaye. Kwanza, kobalti iwe imekaa peke yake kweli. Pili, iwe ni yenyewe inayofanya kazi, si metali nyingine iliyojipenyeza. Tatu, ibaki hivyo baada ya kazi. Volti ya ziada (ile inayolipwa juu ya kiwango cha chini cha nadharia) inakuja baada ya hayo matatu, na haiandikwi humu mpaka bechi tatu za aina moja zikubaliane.

Wiki ya 1: hesabu kabla ya kushika kopo

Modeli ni karatasi ya grafini ya 5×5, kaboni 50, upande wa angstromu 12.3. Zimetolewa kaboni mbili zilizopakana, nne zinazozunguka tundu zikageuzwa naitrojeni, metali ikawekwa katikati. Zinabaki kaboni 44, naitrojeni 4 na metali 1, na juu yake ombwe la angstromu 15. Hesabu ni za kompyuta, kwa njia ya PBE (makadirio ya nishati ya elektroni) pamoja na sahihisho la D3 (la mvutano hafifu kati ya atomu).

Spini, yaani usumaku wa elektroni, lazima iwashwe kwenye hesabu. Kobalti kwenye kiti hiki inatulia karibu na 1 μB (kipimo cha usumaku wa atomu), chuma 2, nikeli 0. Anayeendesha hesabu bila spini hupata jibu safi lisilo sahihi, na programu haimwonyi.

Kwa haidrojeni kipimo ni ΔG_H, nishati huru ya atomu ya H kukaa kwenye kiti. Inayotakiwa ni karibu na sifuri. Ikiwa hasi mno H inang'ang'ania, ikiwa chanya mno haikai. Nikeli kwenye N4 iliyonyooka inashika kwa udhaifu mno, ndiyo maana imeachwa. Kobalti ni bora zaidi. Wengi huongeza 0.24 eV (elektronivolti) kwa mkupuo kugeuza ΔE, nishati tupu ya hesabu, kuwa ΔG. Nambari hiyo ilitokana na nyuso za metali, kwa hiyo hapa mitetemo ya H imehesabiwa upya kwa kila kiti. Vilevile H iwekwe juu ya naitrojeni na juu ya kaboni ya jirani, si juu ya metali tu. Mara nyingine jirani ndiye anayeipokea.

Ndani ya alikali ΔG_H haitoshi. H inatoka kwenye molekuli ya maji ambayo lazima ivunjwe kwanza, na kizingiti cha kuivunja kinaweza kuwa kikubwa kuliko shida ya kushika H. Hicho kimehesabiwa peke yake.

Upande wa oksijeni kuna ukuta unaojulikana. Tofauti ya nishati kati ya OOH na OH zilizoshikwa kwenye kiti huganda karibu na 3.2 eV kwa vichocheo vya aina nyingi sana, wakati inayofaa ni 2.46, yaani mara mbili ya 1.23. Ukigawa 3.2 kwa mbili ukatoa 1.23, unapata takriban 0.37 V za ziada ambazo kiti kizuri kabisa cha aina hii bado kinazilipa. Kuwa pweke peke yake hakuiondolei atomu deni hilo. Na nishati ya O2 isichukuliwe moja kwa moja kutoka PBE, kwa maana inakosea. Itolewe kwa maji na H2 pamoja na 4.92 eV za mmenyuko mzima.

Wiki ya 2: ZIF-8 yenye kobalti

Wazo ni kuitawanya kobalti ndani ya ZIF-8, fuwele ya zinki na imidazoli, kisha zinki ifukuzwe kwa joto, kobalti ibaki imetengana. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi. Kobalti haiendi popote.

Bechi A (kobalti 10% ya moli za metali): zinki naitreti yenye maji sita 5.355 g na kobalti naitreti yenye maji sita 0.582 g ndani ya mililita 150 za methanoli. Kwenye kopo la pili, 2-methilimidazoli 6.57 g ndani ya methanoli mililita 150. La pili limemiminwa kwenye la kwanza, likakorogwa saa 24 kwenye joto la chumba. Mashapo yametengwa kwa sentrifuji, yakasuuzwa kwa methanoli mara tatu, yakakaushwa nyuzi 60 ndani ya oveni ya ombwe usiku kucha. Rangi: zambarau iliyokolea.

Bechi B (kobalti 1%): zinki naitreti 5.890 g, kobalti naitreti 0.0582 g, mengine yote vilevile. Rangi: zambarau hafifu, kama nguo nyeupe iliyofuliwa pamoja na kanga mpya.

Bechi C haina kobalti kabisa, unga mweupe. Hii ndiyo shahidi, na isiachwe hata siku moja kwa kisingizio cha muda.

Miligramu 58 zinapimwa kwa mizani ya desimali nne. Kobalti naitreti hunyonya unyevu, na chupa iliyofunguliwa kwa muda mrefu kwenye hewa ya pwani huwa na maji zaidi ya sita yaliyoandikwa. Afadhali kutengeneza mmumunyo mama wa kobalti, kuupima, kisha kuchukua ujazo unaotakiwa.

Eksrei ya unga imeonyesha vilele vya ZIF-8 karibu na nyuzi 7.3, 10.4, 12.7 na 18.0 (hizi ni nyuzi za pembe, si za joto) kwa bechi zote tatu. Methanoli ni sumu hata kwa mvuke: kazi yote chini ya kabati la kuvuta hewa.

Wiki ya 3: tanuri

Mtumbwi wa alumina, bomba la kwatsi, agoni (gesi isiyomenyuka). Agoni imepitishwa saa nzima kabla ya moto. Joto limepanda nyuzi 5 kwa dakika hadi 950, safari ya saa tatu na dakika tano, likashikiliwa saa mbili, kisha tanuri likaachwa lipoe lenyewe.

Gesi inayotoka inabeba mabaki ya imidazoli, na humo sianidi inaweza kuwemo. Imepitishwa kwenye chupa ya NaOH kisha nje kupitia kabati. Kati ya bomba na chupa hiyo pawe na chupa tupu: tanuri likianza kupoa gesi ndani inasinyaa, na NaOH inaweza kunyonywa kurudi kwenye kwatsi ya moto.

Hitilafu ya bechi A: katikati ya kushikilia joto, mapovu kwenye chupa yalipungua yakakatika. Zinki ilikuwa imeganda kwenye ncha ya baridi ya bomba. Inajipanga kama pete ya kioo cha kijivu, inayong'aa upande wa tanuri na yenye ungaunga upande wa nje, na ikiachwa inaziba tundu lote. Tangu hapo ncha ya kutokea ina bomba pana zaidi, na mtumbwi haubebi zaidi ya gramu moja. Unga huo wa zinki usikwanguliwe mkavu, kwani unashika moto. Uyeyushwe kwa HCl iliyozimuliwa, taratibu, chini ya kabati, kwa sababu unatoa haidrojeni.

Kipimo cha kwanza kabisa cha unga mweusi kimekuwa sumaku ya shilingi chache. Bechi A imerukia sumaku. Bechi B na C zimetulia. Kobalti ya A ilikusanyika kuwa chembe za metali, na chembe hizo zinapokua huzaa mirija ya kaboni na kujivika maganda ya kaboni. Hapo asidi haizifikii. Saa 8 ndani ya H2SO4 ya moli 0.5 kwa nyuzi 80 hazikubadilisha kitu; unga bado unarukia sumaku. A imewekwa kando, haikutupwa: ina kazi baadaye kama mfano wa ubaya.

B imeoshwa kwa asidi hiyohiyo, ikasuuzwa mpaka pH ya maji ikawa ya kawaida, ikarudishwa tanurini nyuzi 900 kwa saa moja kufukuza mabaki ya asidi.

Wiki ya 4: je, ziko peke yake?

Sumaku kutulia ni dalili tu. Eksrei ya unga nayo ina mtego wake: kilele cha kobalti metali kiko karibu na nyuzi 44.2, na kaboni yenyewe ina mwinuko mpana palepale. Asiyejua humhukumu asiye na hatia, au humwachia mwenye hatia. Kinachoamua ni kilele cha pili cha kobalti, nyuzi 51.5, ambako kaboni haina kitu. A inacho, B haina. Lakini chembe ndogo za nanomita moja au mbili hazionekani kwa njia hii hata zikiwemo.

Darubini ya elektroni ya HAADF-STEM: atomu nzito huonekana kama nukta nyeupe juu ya kaboni. Picha za B ni nukta zilizotawanyika. Picha za C, isiyo na kobalti, nazo zina nukta! Ni zinki iliyobaki. Kobalti ni namba 27, zinki ni 30, na mwangaza wao hautofautishiki kwa jicho. Mtu akionyesha picha ya nukta bila mfano usio na metali husika, hajaonyesha chochote kuhusu kobalti.

Kwa hiyo jibu linatoka kwenye XAFS (kipimo cha jinsi atomu inavyonyonya eksrei, kinachoonyesha majirani zake), ukingo wa K wa kobalti, 7709 eV. Kazi hii inahitaji sinkrotroni, mashine kubwa ya elektroni inayotoa eksrei kali, na Afrika haina. SESAME iliyoko Allan, Jordan, ina mstari wa XAFS, na ndiyo ya karibu kwa watafiti wa Afrika Mashariki. Maombi ya muda yaandikwe mapema, na sampuli ya kulinganisha (karatasi ya kobalti, CoO, kobalti thalosiyanini) iende pamoja na unga.

Cha kutazama: mwinuko wa Co–N karibu na angstromu 1.4 hadi 1.5 kabla ya sahihisho la awamu, na nafasi ya Co–Co karibu na 2.2 iwe kimya. XAFS hutoa wastani wa kobalti yote. Asilimia chache za chembe zinaweza kujificha chini ya wingi wa atomu pweke, na asilimia chache zinaweza kubeba mkondo mwingi. Kwa hiyo STEM na XAFS hutembea pamoja, moja inaona kidogo kwa undani, nyingine inaona yote kwa wastani.

Kiasi cha kobalti: kaboni haiyeyuki kwa asidi kirahisi. Unga umechomwa hewani kwanza, majivu ndiyo yakayeyushwa kwa mchanganyiko wa HCl na HNO3 wa 3 kwa 1, kisha ICP-MS (kipimo cha kiasi kidogo sana cha metali). Matarajio kwa B, kama kobalti yote (miligramu 11.8) ingeingia na theluthi ya uzito wa ZIF ingebaki tanurini, ni 0.8% hivi. Hayo ni makisio ya kujua kama kipimo kinaongea lugha inayoeleweka. Nambari ya kutumia ni ya ICP.

Wiki ya 5 na ya 6: haidrojeni, na wageni wasioalikwa

Wino: kichocheo 5 mg, maji na isopropanoli jumla mikrolita 960, Nafion (plastiki inayopitisha ioni, hapa kama gundi) ya 5% mikrolita 40. Dakika 30 kwenye bafu la mawimbi ya sauti lenye barafu. Bila barafu pombe inapungua na wino unaganda mashonde. Mikrolita 10 zimedondoshwa kwenye diski ya kaboni-kioo ya milimita 5, eneo la 0.196 cm². Mzigo ni 0.255 mg kwa cm². Ukikausha haraka wino unakimbilia ukingoni kama doa la chai kwenye kitambaa. Dawa yake ni kuufunika kwa bilauri iliyoinuliwa kidogo ukauke polepole.

Elektrodi rejea, ambayo volti hupimwa dhidi yake, ni Hg/HgO (zebaki na oksidi yake). Ag/AgCl haifai kwenye KOH: kioo chake kinaliwa na kloridi inavuja. Badala ya kuamini fomula, rejea imesawazishwa kwa waya wa platini kwenye KOH iliyojaa H2, milivolti 1 kwa sekunde, ikachukuliwa katikati ya sehemu mbili ambako mkondo ni sifuri. Usawazishaji huo ufanyike kwenye chombo kingine kabisa, kwa sababu inayofuata.

Jaribio la kwanza la B lilikuwa kwenye H2SO4 ya moli 0.5, platini ikiwa elektrodi mwenza. Kila mzunguko wa volti, mkunjo wa mkondo uliboreka. Baada ya mizunguko elfu B ilikuwa inaikaribia platini, na C, isiyo na kobalti, ilikuwa inaifuata nyuma. Kichocheo kinachozidi kuwa kijana kadiri kinavyofanya kazi kitiliwe shaka. Platini ya elektrodi mwenza ilikuwa inayeyuka kidogo kidogo na kutua kwenye diski, na kiasi kisichoonekana kwa macho kinatosha kuharibu matokeo yote. Data ya wiki nzima imefutwa.

Sasa elektrodi mwenza ni fimbo ya grafiti ndani ya chumba chake, nyuma ya utando, kwa maana grafiti nayo humomonyoka. Diski zilizoguswa na platini hazirudi kwenye kazi hii. Kwa mpangilio mpya B inabaki palepale mzunguko baada ya mzunguko, na pengo kati ya B na C limerudi.

Kipimo cha sumu: KSCN (thiosianati, inayoziba viti vya metali) milimoli 10 kwa lita, kwenye asidi. B imeshuka kuelekea C, kama inavyotakiwa ikiwa metali ndiyo inayofanya kazi. Kipimo hiki hakina maana kwenye alikali, ambako SCN haishiki vizuri kwenye viti vya aina hii. Mtu akikifanya humo na kuona hakuna mabadiliko, asishangilie.

Sahihisho la ukinzani, kwa mfano wa ohmu 6: mkondo wa 10 mA/cm² ni 1.96 mA kwenye diski, hivyo milivolti 12 tu. Kwenye 100 mA/cm² ni milivolti 118, na hapo ubishi wote wa nani bora unaweza kuwa umekaa ndani ya sahihisho. Linafanyika kwa 85%. Ukitaka 100% potenshostati (kifaa kinachodhibiti volti) inaanza kutetemeka.

Mzunguko wa atomu (TOF): kwa mfano wa kobalti 1%, mzigo wetu una nanomoli 43.3 za kobalti kwa cm². Mkondo wa 10 mA/cm² ukigawanywa kwa 2F (F ni chaji ya moli moja ya elektroni) na moli hizo unatoa molekuli 1.2 za H2 kwa kila atomu kwa sekunde. Hii ni sakafu, kwa kuwa kobalti iliyozikwa ndani ya kaboni imehesabiwa kana kwamba inafanya kazi.

Misumeno kwenye mkunjo wa mkondo mkubwa ni mapovu yaliyokwama. Mizunguko 1600 kwa dakika inasaidia, haimalizi.

Wiki ya 7: oksijeni

KOH ya dukani ina chuma. Hata kiasi kidogo sana kikiingia kwenye hidroksidi ya nikeli au kobalti hubadilisha kabisa kasi ya oksijeni, na sifa zinakwenda kwa asiyestahili. Usafishaji: nikeli naitreti safi ya 99.999% gramu 2 ndani ya maji mililita 4, ongeza KOH mililita 20, Ni(OH)2 inashuka. Ioshe mara tatu kwa maji yenye KOH kidogo, kisha mwaga juu yake mililita 50 za KOH ya kusafishwa, tikisa dakika 10, acha saa 3 au zaidi, zungusha kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu. Vyombo ni polipropilini vilivyolowekwa asidi. Kioo hapana, KOH inakila na kurudisha uchafu uleule.

B imewekwa anodi. Mkondo ulikuja mzuri, na hapo ndipo pa kujihadhari, maana mkondo si oksijeni. Kaboni inaanza kuweza kuoksidishwa kwenye 0.207 V tu dhidi ya RHE (elektrodi rejea ya haidrojeni). Ndani ya 1.6 V inaungua, polepole lakini inaungua. CO2 yake haionekani kama povu, inamezwa na KOH na kuwa kaboneti.

Vipimo viwili vimeonyesha hilo. Diski yenye pete: platini ya pete kwenye 0.4 V dhidi ya RHE inarudisha O2 kuwa hidroksidi, na mkondo wa pete ukigawanywa kwa mkondo wa diski na kwa kiwango cha ukusanyaji unatoa sehemu iliyokwenda kwenye oksijeni. Diski iendeshwe chini ya 0.2 mA ili gesi ibaki imeyeyuka. Povu likitokea pete hailioni. Kipimo cha pili ni bomba la kukusanyia gesi: 10 mA kwa saa moja ni kulombi 36, na kwa nyuzi 25 zinapaswa kutoa mililita 4.56 za H2 na 2.28 za O2. Haidrojeni ilitimia. Oksijeni ilipungua, na KOH ya upande wa anodi ikageuka rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa. Hiyo ni kaboni.

XAFS ya kabla ya kazi haisemi chochote kuhusu kiti baada ya kukaa 1.6 V. Kobalti iliyopoteza naitrojeni zake hujikusanya kuwa oksihidroksidi, ambayo nayo ni kichocheo kizuri cha oksijeni. Basi ukiita matokeo hayo "atomu pweke" unampa sifa marehemu.

Wiki ya 8: uamuzi

B inabaki kathodi. Anodi inahama kutoka kaboni kwenda hidroksidi ya tabaka ya nikeli na chuma juu ya sponji ya nikeli. Chuma kilekile kilichofukuzwa wiki iliyopita sasa kinaingizwa kwa kipimo.

Sponji imeoshwa kwa HCl ya moli 3 dakika 10 kwenye mawimbi ya sauti, kisha maji na ethanoli. Nikeli naitreti yenye maji sita 0.218 g, chuma naitreti yenye maji tisa 0.101 g, urea 0.300 g, maji mililita 36, ndani ya chombo cha shinikizo chenye kikombe cha Teflon cha mililita 50. Nyuzi 120, saa 12. Chombo kisifunguliwe kikiwa na joto. Tabaka linalotoka ni la manjano lenye ukahawia. Likibanduka kwa kidole, uoshaji wa sponji haukufanywa sawasawa.

Kupanda atomu za iridi juu ya tabaka hilo kumejadiliwa na kuahirishwa. Sehemu kubwa ya iridi ya dunia inachimbwa Afrika Kusini pamoja na platini, nayo ni kidogo mno. Kobalti ya Kolwezi, Kongo, ina maswali yake mazito, lakini 1% ya unga uliopakwa chini ya milimita ni swali dogo zaidi.

Wiki ya 9: seli nzima

Elektrodi mbili, B iliyopakwa kwenye karatasi ya kaboni upande wa kathodi, nikeli na chuma upande wa anodi, Zirfon (utando unaotenganisha gesi) katikati, KOH ya moli 1. Haidrojeni inawaka hewani kuanzia 4% hadi 75%, kwa hiyo mirija ya kutokea haikutani na hakuna swichi yenye cheche karibu.

Saa 24 za kwanza kwa 10 mA/cm² zimepita bila kuvuja. Mililita 5 za KOH kutoka kila upande zimehifadhiwa kwa ajili ya ICP: kobalti, nikeli, chuma, zinki, na platini, ambayo haipaswi kuwemo kabisa.

Yaliyobaki: bechi ya tatu ya 1% (tanuri limejaa agoni, mtumbwi una 0.9 g), XAFS ya kathodi iliyotumika, na kurudia HER (kipimo cha utoaji wa haidrojeni) kwenye KOH iliyosafishwa, kwa sababu ile ya wiki ya 6 haikuwa imesafishwa.